Kitenge cha Juu

Hapana, mwanangu, hapo umenigusa pabaya. Niite mimi mshamba, nitacheka. Shangazi yangu Kabula umwache. Eti nani anavaa nguo tatu Mwanza na jua hili? Kaa chini. Kesho unavuka kwenda Ukerewe na hilo koti lako, na naona baba yako Deo hajakusimulia.

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake. Ilikuwa miaka ya tisini, mitumba imemwagika mjini, na sisi vijana tunagombea marobota pale Nyamagana. Baba yako akapata koti la watu wa nchi za barafu: ndani manyoya, zipu mpaka kidevuni. Akalivaa kifua kitupu. Jua la mchana linawaka, jasho linamtiririka, yeye anatembea kama mkuu wa mkoa.

Jumamosi asubuhi tukashuka naye mwaloni, Ilemela, tukapande mtumbwi kwenda harusini visiwani. Shangazi alikuwa ametangulia. Alikuwa mnunuzi wa dagaa, ziwa analijua. Kavaa kama siku zote: gauni jepesi la pamba, sweta, na juu kajitanda kitenge kizito.

"Shikamoo, shangazi," Deo akasema. "Leo umekuwa kitunguu!"

"Marahaba. Na wewe hilo koti umelivaa, au limekuvaa?"

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. "Ziwani asubuhi baridi, mchana moto. Mimi napunguza moja moja. Wewe utapunguza nini, ngozi? Haya, fungua hata hiyo zipu."

Hakufungua. Sikio la kufa halisikii dawa.

Tulikuwa tumekaribia kufika, miamba tunaiona, wimbi likatupiga ubavuni. Deo alikuwa amesimama, anajionyesha. Akaenda majini. Kuogelea anajua, tumekulia majini, lakini manyoya yalikunywa maji, zipu ikagoma, mikono ikawa kama magogo. Koti likawa linashuka naye. Na mimi, mwenye mdomo wote huu, nilipiga kelele tu.

Shangazi alivua kitenge, akashika pindo moja, akarusha lingine.

"Shika, mjinga wewe!"

Akashika. Tukamvuta. Mwenye nguo moja angefikiria aibu kwanza. Shangazi chini alikuwa na gauni lake. Tulipofika nchi kavu akalipasua lile koti kwa kisu cha samaki, akamvika Deo sweta lake. Baba yako, ndani ya sweta la kike, anatetemeka, akamshika miguu.

"Nisamehe, shangazi."

"Inuka huko. Unanilowanisha."

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Pamba nyepesi ikae mwilini, inywe jasho. Juu yake sweta jembamba, kola ya shati ichungulie kidogo, utapendeza tu. Zito liwe la mwisho, na ukiwa majini liache wazi. Usivae kitu usichoweza kukivua kwa mkono mmoja. Na mkubwa akikukanya, usimtafutie jina la mzaha, kwa sababu hujui kesho utashika nini.

Mungu akutangulie. Ziwa likubebe, lisikumeze, likurudishe kwa mama yako ukiwa mkavu.

Ila kabla hujatoka hapo mlangoni, nijibu: bila kile kitenge cha mshamba, wewe leo ungekuwa mtoto wa nani?