Sopa, Reli

Enzi zetu treni haikununuliwa. Ulichukua mkebe wa samaki uliokwisha kulambwa, ukautoboa matundu manne kwa msumari, ukapitisha spoku mbili za baiskeli, kisha ukakata magurudumu kutoka kwenye ndara ya patipati iliyochakaa. Gurudumu lisipokuwa la mviringo, treni yako ilichechemea na wenzako hawakukusamehe. Mikebe sita ikifungwa kwa waya ilikuwa treni nzima ya magadi. Tuliipaka majivu ili ifanane na ile ya kweli, kwa maana mabehewa yaliyopita Kajiado yalikuwa meupe kwa vumbi la magadi.

Mliokulia kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale kando ya stesheni, mnakumbuka. Mnakumbuka upepo wa Julai uliopasua midomo, maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi ambayo akina mama wa Kimaasai walituletea mlangoni, na dagaa wa omena waliokuja kwa magunia kutoka kwa jamaa zetu wa magharibi. Mnakumbuka pia mama yangu alivyotufokea kutoka jikoni: "Mkikanyagwa na hiyo treni, msije kwangu mkilia!"

Baba alikuwa mtu wa gengi la kutunza reli. Kila asubuhi alitembea kipande chake cha reli, nyundo begani, akikagua. Alikuwa na desturi moja. Akifika kwenye bolti alisimama, akainyooshea kidole, akasema kwa sauti: "Bolti. Iko sawa." Hatua chache mbele, pale reli mbili zinapoungana, tena: "Jointi. Iko sawa." Alifanya hivyo hata kwenye mvua, hata akiwa peke yake kabisa. Nilipomuuliza sababu, alinijibu mara moja tu: "Nikisema, nimeangalia. Nikinyamaza, nimepita tu."

Nilimwonea aibu. Rafiki yangu Lemayian, ambaye boma lao lilikuwa ng'ambo ya reli, aliniuliza siku moja, "Baba yako husalimia reli? Na hiyo reli huitika?" Tukatunga mchezo. Lemayian alitembea na fimbo begani, akasimama, akanyoosha kidole: "Sopa, reli!" Mimi nilikuwa nimelala chini, mikono imenyooka, ndiyo reli yenyewe. Niliitika kwa sauti nzito kama Mmaasai yeyote anavyoitikia salamu hiyo: "Ipa!" Watoto wote wa landi walianguka kwa kicheko. Ile "ipa" ilikuwa wazo langu. Nasema mapema, Lemayian asije akalaumiwa.

Siku moja inspekta wa reli alipita kwa toroli akatukuta katikati ya mchezo. Akauliza tunaigiza nini. Nilimweleza mimi mwenyewe, kwa majivuno, nikataja na jina la baba. Alicheka mpaka akavua kofia. Wiki iliyofuata baba alinyang'anywa nyundo. Aliambiwa kwamba mtu anayezungumza na vyuma hawezi kuaminiwa na njia ya treni. Akapewa panga, akafyeka nyasi za stesheni hadi alipostaafu. Hakuuliza ni nani aliyesema. Nami sikusema.

Sasa nimepita hamsini, naishi Kitengela, na chumba changu kimoja kimejaa Japani. Ni meza ya mita tatu yenye njia moja ya reli, stesheni moja ya mashambani na behewa moja lenye injini yake, vyote vikiwa vimepunguzwa mara mia moja na hamsini. Milima nimeijenga kwa maboksi ya maua kutoka Isinya. Udongo ni majani ya chai yaliyokwisha kunywewa, nikayakausha na kuyachekecha. Jirani yangu mwenye kuku kule Kisaju huniuliza kila tukikutana, "Na hiyo treni yako, hutaga nini?" Wengine huuliza kwa nini Japani. Jibu langu ni kipimo. Reli zao za mashambani ni nyembamba kama zetu. Tofauti ni milimita sitini na saba. Hakuna aliyewahi kungoja nimalize jibu hilo.

Kwa kuwa hakuna wa kunifundisha, nilijifunza herufi zao mwenyewe, nikatazama video zao nyingi ili nijue dereva hukaa wapi na taa huwekwa wapi. Katika mojawapo nilimwona dereva mwenye glavu nyeupe. Alinyooshea taa kidole, akatamka neno. Alinyooshea saa, akatamka tena. "Yoshi." Nilifungua kamusi. Maana yake ni "sawa".

Niliisimamisha video. Nikasoma wiki nzima. Huko hiyo ni kazi yenyewe: hufundishwa, mfanyakazi mpya huifanyia mazoezi mbele ya mwalimu, na asiyeifanya ndiye huonekana mzembe. Baba aliigundua peke yake, na nyundo, kwenye kipande cha reli cha Kajiado, na sisi tulimpa panga. Sijawahi kukasirika vile. Nilimkasirikia inspekta na kofia yake. Kisha nikamfikia yule mtoto aliyelala chini akiitika "ipa", na hapo hasira haikuwa na pa kwenda.

Nilimleta baba Jumapili ya Pasaka. Ana zaidi ya miaka themanini na bado anaishi Kajiado. Familia ilikuwa imejaa sebuleni. Aliyetufuata chumbani ni Brayo, mtoto wa dada yangu, kijana wa chuo kikuu, simu mkononi. Baba hakuuliza hii ni nini. Aliinama, akaanza mwanzo wa meza.

"Bolti. Iko sawa," akasema, kidole kimenyooka. "Jointi. Iko sawa."

Brayo, ambaye humwita babu yake Guga, akapasuka kwa kicheko, simu ikirekodi. "Wueh! Guga anabonga na toy! Guga, hebu rudia, hiyo nimeipenda!"

Kutoka sebuleni wakacheka hata kabla ya kuona. Baba hakugeuka. Karibu na daraja, mahali ambapo behewa langu lilikuwa likianguka kwa miezi miwili na mimi nimepima kwa rula mpaka nikachoka, alipitisha ukucha juu ya reli, akasimama.

"Jointi. Hii hapana."

Nilichukua lenzi. Upande mmoja ulikuwa umeinuka unene wa unywele.

"Futa hiyo video," nikamwambia Brayo.

"Anko, chill. Ni jokes tu. Na imeshaenda mtandaoni."

Video yenyewe inakatika kabla ya jointi ya daraja. Walioicheka hawajui kwamba alikuwa sahihi. Nilimfokea Brayo maneno ambayo sitayaandika, nikamtoa chumbani, nikafunga mlango. Tukabaki wawili.

"Baba," nikaanza, nikiangalia meza, "ile siku ya inspekta..."

"Sema kwa sauti," akasema. "Sisikii."

Masikio yake ni mazima kuliko yangu. Nikanyoosha mgongo. "Mimi ndiye niliyemwambia. Nilikucheka, na nikamwambia. Nisamehe."

Aliniangalia kwa muda mrefu. Kisha akaninyooshea kidole, kile kile.

"Iko sawa."

Nilitaka kuandika hapa kwamba sisi wa mikebe tulikuwa na adabu kuliko hawa wa simu. Ningekuwa mwongo. Kicheko chetu kiliishia kwenye ukingo wa stesheni, na bado kilitosha kumpokonya mtu nyundo. Cha Brayo kiko kila mahali, na mwenyewe hajarudi kusema kitu. Baba alimsamehe pale pale. Mimi bado.

Lakini nakumbuka kidole kile kwenye baridi ya Julai, kikisimama juu ya kila bolti mpaka macho yafike, na treni nzima nyeupe ikipita salama juu ya neno la mtu mmoja. Juzi nilimwona Brayo kwenye kochi la dada yangu, kidole juu ya kioo cha simu: sura, sura, sura, nyingine, nyingine. Hakikusimama popote. Amepita tu.