Baridi Isiyo na Risiti

Mjomba wangu ni fundi wa mafriji, na tangu nimjue hajawahi kuwa na friji. Anatengeneza ya watu pale uani kwake Maili Moja, Kibaha, yanaondoka yananguruma vizuri, yeye anabaki kujipepea kwa kipande cha boksi. Kwa hiyo siku aliponiambia anataka kuitia pikapu yake mashine ya baridi, sikumcheka sana. Nilimcheka kiasi.

"Mjomba, mlango wenyewe umefungwa kwa kamba ya katani. Hiyo baridi itakaa humo kwa adabu gani?"

"Shika spana. Mdomo uweke mfukoni."

Pikapu aliipata mnadani, kuukuu, rangi yake hata yeye hawezi kuiapia. Mashine ya baridi aliing'oa kwenye gari dogo la mtaalamu mmoja wa Kizungu lililopinduka karibu na Ruvu. Mzungu alipona, akamwambia mjomba chukua unachotaka, mimi narudi kwetu. Alisema kwa mdomo tu, karatasi hakuandika. Na mwaka wenyewe ndio ule wa msako wa walanguzi, watu wanaulizwa risiti ya kila kitu. Jirani yetu, mtu mzima na ndevu zake, nilimwona kwa macho yangu akitumbukiza mche wa sabuni chooni. Sabuni ya halali, ya duka la ushirika! Ila hakukumbuka karatasi yake ameiweka wapi.

Likizo yangu nzima iliishia chini ya boneti. Kompresa tuliifunga ubavuni mwa injini, kwenye kipande cha chuma alichokichomelea mwenyewe, mkanda ukaizungusha. Ndani, chini ya dashibodi, tukaweka sanduku lenye feni. Sanduku hilo likipata baridi linatoka jasho kama gilasi ya maji ya friji, basi mjomba akatoboa sakafu upande wangu, akapitisha mpira ili maji yadondokee barabarani. Siku ya kujaza gesi alinionya kwamba mipira ile ikipasuka inaunguza kwa baridi kama moto. Nilimsaidia nikiwa nyuma ya mti wa mpapai.

Ikafanya kazi. Wallahi ilifanya kazi. Jumamosi saa sita mchana tukaondoka Kibaha kwenda Kisarawe kumwonyesha bibi, mama yake mjomba, tukamchukulia na mikate miwili. Vioo tumefunga mpaka juu. Nje watu wanayeyuka, mimi malaika ya mikononi yamenisimama kwa baridi. Mjomba alikuwa anatabasamu peke yake kama bwana harusi.

Ndipo tukakuta kizuizi. Gogo limelala njiani, mgambo kijana na panga lake kiunoni, na kivulini mkubwa wake ameketi kwenye debe, bunduki mapajani.

Mgambo akagonga kioo. Mjomba alipokishusha, yule kijana alirudisha kichwa nyuma kama aliyepulizwa na jini.

"Ndugu, jua lote hili mnafunga vioo? Mnaficha nini?"

Alivyotamka tu nikajua ni Mnyamwezi, na mimi Mzaramo. Kwa asiyejua: sisi ni watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, anaweza kuja msibani kwako akalala kaburini kabla ya maiti, nawe huna ruhusa ya kukasirika, unamlipa atoke. Kwa hiyo alipoinama, akaona matone yanadondoka chini ya gari, akauliza, "Na hiki kinachovuja?", ulimi wangu ukatangulia.

"Mafuta ya taa, mtani. Kimbia kalete ndoo, nyie huko kwenu si mnalala gizani?"

Nilidhani atacheka. Alikaribia kucheka, midomo ilishaanza kufunguka. Lakini mkubwa wake alikuwa amesikia.

"Mafuta ya taa?" Akainuka kwenye debe. "Wote chini!"

Hapo mchezo ukaisha. Tulikalishwa kwenye mchanga wa moto, mikono kichwani. Mafuta ya taa yalikuwa hayapatikani miezi kadhaa, na waliokamatwa nayo kwa magendo walipandishwa malori, wengine hatukujua walikopelekwa. Nilimtazama mjomba. Jasho lilikuwa linamtiririka, na midomo imekuwa ya kijivu.

Mkubwa akakinga tone kwa kidole. Akanusa. Akamwita mgambo naye anuse. Si mafuta ya taa. Basi labda gongo. Akalamba.

"Maji," akasema, na uso ukazidi kukunjamana. "Tena ya baridi. Maji ya baridi mmeyatoa wapi?"

"Hewani, afande," akasema mjomba.

"Nini?"

"Ile mashine inakamua hewa, afande. Hewa ina maji ndani yake."

Ukweli mtupu, na ulisikika kama uongo wa mtoto wa darasa la pili. Wakatoa mikate, mikate ina risiti. Wakadai kadi ya gari, ipo, na barua ya mjumbe wa nyumba kumi, ipo. Mkubwa akafungua boneti, akaona kompresa inang'aa katikati ya vyuma vyenye kutu.

"Na hili lina risiti?"

Mjomba akaanza kujipapasa mifuko aliyojua haina kitu.

"Ndugu, nakuuliza. Baridi hii ina risiti?"

Akachomoa panga la mgambo, akalishikilia juu ya mpira wa gesi, akasema anakata aone kilichomo ndani. Mjomba akapiga kelele, "Afande, usikate! Utapofuka!" Yule mkubwa akamgeukia polepole, akamuuliza kama anamtisha. Nilihisi mkojo umefika mlangoni, sisemi zaidi.

"Ingia ndani ukae, afande," mjomba akasema. "Dakika tano tu. Usipoona baridi, nipeleke unakotaka."

Akaingia, bunduki katikati ya magoti. Mjomba akawasha injini, akashuka, akafunga mlango kwa ile kamba. Tukasimama nje, sisi watatu, tunamtazama kupitia kioo kama samaki wa maonyesho. Dakika tano zikapita. Kumi. Kichwa kikaanza kuinama, kikainuka, kikainama. Akalala.

Mnaweza kucheka nyie. Injini ilikuwa inanguruma, petroli yenyewe ya kuomba kibali, na mjomba amebandika uso kwenye kioo anatazama mshale wa joto unavyopanda. Gari lile likisimama na mashine inafanya kazi, rejeta haistahimili. Ikichemka, tumebaki pale, hatuna gari wala ushahidi, na baridi yote imegeuka uongo.

"Mwamshe," mjomba akamwambia mgambo.

"Mimi? Ana bunduki. Akishtuka je?" Akanigeukia. "Amwamshe mtani huyu mwenye mdomo."

Mjomba hakunitetea. Nikafungua kamba. Mtutu ulikuwa umeelekea kwangu, au mimi niliona hivyo. Utani wote niliokuwa nao kichwani ulikimbia, ikabaki salamu.

"Shikamoo, afande."

Akakoroma.

"Shikamoo, afande!"

Akashtuka, bunduki ikagonga dashibodi. Nilifumba macho. Nilipofumbua alikuwa ananitazama, pembe moja ya mdomo ina mate, na amegundua kwamba sote tulimwona amelala. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi kuliko mwanzo, maana mtu mwenye bunduki akiona aibu hujui ataipeleka wapi.

"Nani alisema mafuta ya taa?"

Nikainamisha kichwa. Kisha mgambo akasema, "Ni mimi, afande. Nilidhani ni mafuta ya taa."

Mkubwa akafuta mdomo, akashuka. Akamwambia mjomba bila kumtazama, "Hili dude litoe. Nikikukuta tena na vioo umefunga, utanieleza kituoni." Akarudi kwenye debe lake.

Mgambo akaburuta gogo. Alipopita dirishani kwangu akanyoosha mkono, akachukua mkate mmoja wa bibi, hakuomba. Ilikuwa haki yake. Amenitoa kaburini.

Tulipozunguka kona mjomba akasimamisha gari, akafungua boneti. "Toa ule mkanda wa kompresa."

"Injini ya moto, mjomba."

"Toa."

Nikautoa, nikaungua vidole viwili. Nilipogeuka kumpa, nikamkuta amekaa kwenye majani, magoti yake yanatikisika, ameyashika kwa mikono yote miwili na bado yanatikisika. Sikuwahi kuona magoti ya mtu mzima yakifanya vile.

"Mjomba, nilidhani atacheka."

"Najua," akasema, na hakunitazama mpaka Kisarawe.