Drusilla na kioo kilichodanganya

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya chai upande wa Nyamira, Drusilla Momanyi anafungua mlango wa chuma wa tanuri na kuchungulia moto. Joto linampiga usoni. Anaurudisha mlango kwa ndoano, kisha anainua macho kwenye kioo chembamba cha kuonyesha kiwango cha maji, kilichosimama ubavuni mwa boila, tangi la chuma linalochemsha maji kuwa mvuke. Maji ndani yake yanapanda na kushuka kidogo, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Ukiona yanacheza hivyo, yako sawa," anasema. "Yakitulia kabisa, hapo ndipo mimi huogopa."

Drusilla, mama wa Sheila na watoto wengine wawili, kutoka Birongo, ni mwendeshaji wa boila katika kiwanda kimoja cha majani chai. Mvuke wake ndio unaokausha majani ya wakulima wa vijiji vingi. Alianza kwa kubeba kuni uani, kama wanawake wengi wa hapa, hadi mwendeshaji mmoja mzee alipomvuta ndani na kumfundisha kazi kwa Ekegusii, lugha ya kwao, kwa kuonyesha na kukataza. Shika hiki. Usiguse kile.

Hofu yake ya maji yaliyotulia ilianza miaka miwili iliyopita, mchana mmoja wa msimu wa majani mengi. Maji kwenye kioo yalionyesha kiwango kizuri, lakini hayakutikisika. Drusilla alifungua bomba dogo la chini kukiosha kioo. Maji yalirudi polepole mno, kama yanayolazimishwa.

Alitoa simu akaandika kwenye kundi la WhatsApp la kiwanda, ambako sheria ilikuwa Kiingereza tu: "Glass is lying. Come."

Alitaka kusema kwamba kioo kinadanganya. Injinia Ouko alikuwa upande wa pili wa kiwanda, mikono imejaa grisi, akihangaika na mashine ya kukaushia. Neno hilo la Kiingereza lina maana mbili, kudanganya na kulala. Yeye alisoma kwamba kuna kioo cha akiba kimelala sakafuni. Akamjibu akiokote akipeleke stoo.

"Nilisoma lile jibu nikahisi baridi, na mimi niko mbele ya moto," anakumbuka Drusilla.

Kwa nini hakumpigia simu?

"Ningeongea nini? Kiingereza cha mdomo kilikuwa kinanishinda kuliko cha kuandika. Na Kiswahili, niliona ataniona sijasoma."

Mwenzake wa zamu, Masese Ogeto, alikimbilia pampu. "Mama Sheila, wacha tujaze maji haraka!"

"Usiguse!" Drusilla alimfokea. "Toka nje! Wote tokeni nje!"

Akazima feni za kupuliza moto, akasimamisha kuni, akatoka nyuma yao. Kiwanda kizima kikanyamaza. Majani yaliyokuwa tayari kukaushwa yaliharibika, na Drusilla akaambiwa akae nyumbani kwanza hadi ijulikane amefanya nini.

Siku hizo alipalilia migomba na kusubiri. Boila ilipopoa na kufunguliwa, mafundi walikuta bomba linaloingia kwenye kioo limezibwa na ukoko wa chokaa. Maji yenyewe yalikuwa yamepungua hadi chini ya mabomba ya moto.

Ouko alikwenda Birongo mwenyewe kumpa habari. "Nilikuwa na haraka," anasema injinia huyo. "Ningempigia tu, hata kwa Kiswahili, tungeelewana mara moja. Bado naliwaza lile jibu langu."

Drusilla alirudi kazini, lakini kwa sharti. Wasimamizi waliamua kuwa asiye na cheti cha kuendesha boila hatakaa tena mbele yake. Alipewa mwaka mmoja. Akikosa, atarudi uani kwenye kuni.

Mtihani wa kwanza alianguka. Mtahini alimuuliza kwa Kiingereza kwa nini hairuhusiwi kuingiza maji baridi kwenye boila iliyokauka ikiwa moto. Drusilla akamjibu kuwa ni kwa sababu waliambiwa hapana.

"Yule baba hakuwa mbaya. Akaniambia, mama, basi eleza kwa Kiswahili. Nikanyamaza vilevile." Anafuta jasho kwa mkono wa ovaroli. "Siku zote nilikuwa nasema Kiingereza ndicho kinanifunga. Siku hiyo nikajua mimi mwenyewe sikuwa najua."

Jirani mmoja ndiye aliyempeleka kwa Pam Akong'o, mwalimu wa Kiingereza anayefundisha watu wazima Nyanchwa kila Jumapili alasiri. Drusilla alifika na maswali yake ya mtihani. Mwalimu akatafuta somo la joto, wakalisoma darasa zima. Lilisema kila kitu kimeundwa kwa chembe ndogo zisizoonekana, ambazo hazitulii, na kwamba kitu kikipata joto chembe zake huzidi kutikisika.

Drusilla alikataa papo hapo. "Mwalimu, jiwe la kusagia limekaa pale kwangu tangu niolewe. Nani analitikisa?"

Darasa likacheka. Pam naye akacheka. "Mama, mimi ni wa Kiingereza. Hili tulitafute pamoja."

Jumapili iliyofuata mwalimu alileta bilauri mbili, moja ya maji moto na moja ya maji baridi, akatupa majani chai kidogo katika kila moja. Hakuna aliyekoroga. Kwenye maji moto rangi ilitawanyika haraka, na kwenye maji baridi ilijikokota chini.

"Nimepika chai maisha yangu yote," anasema Drusilla. "Sikuwahi kujiuliza nani anaisambaza ile rangi. Kumbe maji yenyewe yanahangaika ndani. Basi nikaelewa ya boila. Maji kidogo yakigusa chuma kilichoiva, zile chembe zinakurupuka zote mara moja, zinataka nafasi kubwa kuliko hiyo boila. Masese angefungua pampu, tusingekuwa hapa."

Kwenye ubao aliliandika jambo hilo kwa Kiingereza chake: maji "they are pushing pushing themselves", yaani yanasukumana-sukumana yenyewe. Pam hakulifuta. Chini yake aliandika sentensi ya kitabuni.

"Sisi watu wa huku hurudia neno kuonyesha jambo linaendelea," mwalimu anaeleza. "Mtu yeyote wa Kisii angemwelewa, hata kwetu upande wa Ziwa Viktoria. Lakini karatasi ya mtihani inasomwa na mgeni, na huwezi kusimama kando yake kumfafanulia."

Drusilla hakufarijika sana. "Mwalimu anasema Kiingereza changu si kibaya. Sawa. Lakini si yeye angerudishwa kubeba kuni."

Kwa hiyo alijifunza vyote viwili, sababu zenyewe na Kiingereza cha kitabuni. Mara ya pili, mtahini alipomtaka aeleze nguvu ya mvuke, alikwama katikati. Aliomba kusema kwanza kwa Kiswahili. Akaruhusiwa. Alisema yote, akapumua, kisha akayarudia kwa Kiingereza, neno baada ya neno.

Alama hazikuwa za kujivunia, lakini cheti alipata, mwezi mmoja kabla ya muda wake kwisha. Kwenye kundi la kiwanda, hatari sasa huandikwa kwa lugha yoyote.

Mpango wake wa sasa uko Birongo. Anataka wanawake wa uani waingie chumba cha boila wakijua sababu, wasiwe wa kukatazwa tu kama alivyokuwa yeye. Kanisa limempa chumba Jumapili alasiri, na anatamani kabla ya mwaka mwingine wawili wao wafanye mtihani.

Jumapili ya kwanza alikuja mmoja tu, Celestine Obwocha, mpakiaji wa kuni. Alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kwa nini kifuniko cha sufuria huruka uji ukichemka.

Drusilla aliweka chaki chini, akaenda kuketi kando yake.

"Niambie kwanza wewe unavyoona," akamwambia. "Kwa lugha yoyote."