Mwalimu Demetria na Picha ya Bibi

Kule Chanika, ukimtaja Mwalimu Demetria, wazazi hucheka kwanza ndipo wamsifie. Ni yeye aliyesababisha watoto wa darasa la tatu wawakemee wakubwa majumbani: "Baba, umemuuliza mama kabla ya kurusha picha yake kwenye grupu?" Hakutumwa na mtu. Alichoka kuona watoto wa miaka tisa wakisambaza picha za wenzao wakilia, akatenga kipindi kila Ijumaa cha adabu za simu. Uliza kabla ya kuweka. Usidanganye. Usimwandikie mtu neno usiloweza kumwambia usoni. Watoto walikariri kama sala.

Mwanafunzi wake bora alikuwa bintiye mwenyewe, Eliaichi. Bibi yake, mama mzazi wa Demetria, alikuwa haoni vizuri, kwa hiyo kila asubuhi Eliaichi ndiye aliyemwandikia mstari wa Biblia na kuuweka kwenye stetasi ya simu ya Bibi. Hata hapo hakuacha kuuliza: "Bibi, niweke?" Bibi akiitikia, mambo yanakwenda.

Bibi alifariki Jumanne saa nne asubuhi, kitandani kwake. Gladness, mdogo wake Demetria, alikuwa ndani ya basi kutoka Iringa, anakuja kumuuguza. Ndugu wakaamua kama tunavyoamua sote: msiba hauambiwi mtu aliye safarini peke yake. Afike kwanza, apokewe na watu wa kumshika, ndipo aambiwe. Allen, mumewe Demetria, na Mama Kasiani wa jumuiya wakaondoka mapema kwenda stendi ya Mbezi.

Gladness akapiga simu. Ilikuwa mara ya tatu tangu ile saa nne.

"Dada, mama anaendeleaje? Mie nipo Mikumi."

"Yupo, mdogo wangu. Anakusubiri wewe tu."

Demetria alikuwa ameziba sikio moja kwa kidole, maana wanawake walikuwa wanatoa makochi sebuleni. Wakati huohuo Eliaichi akamvuta kitenge, simu ya Bibi mkononi. "Mama, niweke picha ya Bibi?" Demetria akaitikia kwa kichwa. Hata hakumtazama. Siku ile angeitikia hata angeombwa ruhusa ya kuchoma nyumba.

Kwenye picha ile Bibi alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Chini yake Eliaichi aliandika: "Bibi yangu amefariki leo. Pumzika kwa amani."

Gladness akaona mama yake ameweka stetasi. Alifurahi, maskini. Alidhani mama kapata nafuu, leo kachelewa tu kuweka mstari wake. Akafungua. Kutoka Mikumi mpaka Mbezi alishikwa na abiria asiowajua hata majina.

Alipofika nyumbani sauti ilikuwa imekauka. "Nani kaweka?" akauliza. Watu wote wakamgeukia mtoto. Mashangazi wakamsema mpaka wakachoka: mtoto wa mwalimu mzima, simu imeshamharibu! Eliaichi akamtazama mama yake mara moja, akainamisha kichwa. Hakumtaja. Na Demetria, huyohuyo wa adabu za Ijumaa, akanyamaza. Alinyamaza siku ile, akanyamaza makaburini, akamwacha mwanawe anakula peke yake nyuma ya nyumba. Sawa, alikuwa amefiwa na aibu ilimkaba. Lakini mtoto naye alikuwa amefiwa, tena ndiye aliyeshinda na Bibi kila siku.

Siku ya kuanua matanga uzalendo ukamshinda. Akasimama katikati ya ndugu.

"Msimseme tena mtoto. Aliniuliza, nami nikamruhusu. Nilikuwa naongea na Gladness kwenye simu, sikumsikiliza. Kosa ni langu."

Alijiandaa kutukanwa. Wala Gladness hakupandisha sauti.

"Dada, mie sililii stetasi. Tangu siku ile nalilia vile ulivyoniambia mama ananisubiri. Mle ndani ya basi nikawa napanga maneno ya kumwambia. Nilikuuliza mara tatu, dada. Huyu mtoto ndiye pekee aliyeniambia ukweli."

Demetria akanyoosha mkono amshike. Gladness akaukwepa, akamwita Eliaichi, akamsogezea nafasi kwenye mkeka wake.