Mtani Mwenye Nenosiri

Kauntabuku ile bado ninayo. Ukurasa nimeugawa kwa rula: kushoto PHP, kulia Python, na chini yake maswali mawili. Ipi rahisi kutumia? Ipi italinda seva vizuri? Nilikuwa nalinganisha fremuweki mbili za kutengenezea mifumo ya tovuti, moja ya kila lugha hiyo ya kompyuta, nikiwa kwenye stesheneri yangu hapa Mpanda. Haki ya Mungu, sijawahi kuwa makini vile, hata kwenye mtihani.

Kazi ilikuwa ya shangazi yangu na wanawake wenzake wanaolima mpunga Usevya. Walikubaliana kuuza pamoja, asitoke mtu akauza kivyake. Kila mmoja aliniambia ana magunia mangapi ndani, na ana shida gani inayoweza kumlazimisha auze mapema: huyu ana mgonjwa, yule ana mtoto sekondari. Mambo ambayo mtu hamwambii hata jirani.

"Yatakaa wapi haya, baba?" shangazi aliniuliza.

Nikamwambia yatakaa kwenye seva, kompyuta ya kutunzia kumbukumbu, na hakuna atakayeyaona ila mimi na yeye.

Fremuweki ya PHP niliielewa haraka, na kupata seva ya kuiweka ilikuwa rahisi. Kinga zilikuwepo kwenye zote mbili, nisidanganye. Ila ile ya Python ilikuja na ukurasa wa msimamizi tayari, nami nikaongezea sehemu ya kuandika kila anayeingia na anachopakua. Nikachagua hiyo.

Rafiki yangu, fundi kompyuta wa duka la pili, alicheka. Makabila yetu ni watani, kwa hiyo kunicheka ndiyo kazi yake. "Fremuweki gani hii ina roho ya mwalimu wa zamu! Wewe umeizoea, huwezi kujua kama ni rahisi. Nipe akaunti mimi mgeni nijaribu."

Alisema kweli. Nikampa akaunti yenye uwezo wote. Akajaribu, akanionyesha kitufe kilichojificha, nikakirekebisha, nikamshukuru. Akaunti yake sikuifuta. Nimfute mtani wangu? Ningeanzaje?

Msimu ulipofika, shangazi akapiga simu. Mnunuzi mmoja alikuwa amepita Usevya, na hakubisha hodi kila nyumba. Alikwenda moja kwa moja kwa wenye shida, akijua nani ana mgonjwa na nani anadaiwa ada. Wakauza kwa bei aliyotaka yeye, na umoja wao ukafa.

Nikasema tumeingiliwa na wadukuzi. Nilikagua seva asubuhi nzima, sikuona palipovunjwa. Halafu nikafungua ile sehemu niliyoongeza mwenyewe. Jina la mtani wangu, siku chache kabla ya mnunuzi kupita, saa nane mchana, amepakua orodha yote.

Nilimfuata dukani kwake. Wala hakukana. "Aa, mtani! Jamaa yule mnunuzi aliniomba, nikampa. Sasa ndiyo unakasirika? Mtani hakasirikiwi bwana!"

Na mimi, mjinga mimi, nikafuata mazoea. Mtu huyu alishachukua jogoo wangu Krismasi, nikacheka. Alishaanua shati langu kambani akalivaa kanisani, nikacheka. Mbele ya wateja wake nikajikuta natabasamu. Tabasamu lile ndilo linaloniuma kuliko yote. Mshenzi yule, nilimwamini kuliko ndugu wa tumbo moja.

Nikaenda Usevya. Nilimkuta shangazi anapepeta mchele uani, nikamweleza kila kitu, na ile kauntabuku nikamwonyesha, kama vile mistari yangu ya rula ingenitetea. Nikamalizia, "Ni mtani wangu, shangazi. Sikudhani."

Hakuinua macho kwenye ungo.

"Jogoo alikuwa wako, baba, akachukua, sawa," alisema. "Shida zetu ulimpa kama nani?"