Ukimya wa Jikoni kwa Bibi

Nilipokuwa mwanafunzi Washington, Jumamosi zangu nyingi zilipita katika jiko la nyumba moja huko Arlington, kitongoji cha jirani, nimeshika maikrofoni. Rafiki yangu wa chuo, Mwarmenia, alikuwa akitengeneza filamu ya kumbukumbu za watu wake, na bibi yake mzaa mama ndiye aliyekuwa moyo wa filamu hiyo. Rafiki yangu alipiga picha. Mimi, Mtanzania niliyepanda mabasi mawili kutoka nilikoishi, Langley Park, nilinasa sauti.

Alichokitaka hasa rafiki yangu ni wimbo mmoja. Mama yake bibi alifukuzwa kijijini kwao akiwa msichana mdogo, wakati Waarmenia walipouawa na kuhamishwa kwa nguvu. Hakuokoa kitu, isipokuwa wimbo wa kubembeleza watoto. Bibi aliimbiwa wimbo huo, naye akawaimbia wanawe. Mjukuu aliukumbuka nusu tu. Bibi alikuwa amevuka miaka tisini, na katika familia hapakuwa na mwingine aliyeujua wote.

Lakini kamera ikiwashwa tu, bibi anasahau.

"Nimesahau," alituambia Jumamosi ya kwanza, akitusukumia sahani. Ya pili pia. "Huyu rafiki yako anakula kama ndege," alimwambia mjukuu wake. "Atasikiaje na tumbo tupu?"

"Nimeshiba, Bibi."

"Nani amekuuliza? Kula."

Jumamosi ya tatu tulimkuta akitengeneza manti, vijisambusa vya nyama vilivyoachwa wazi juu, kila kimoja kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Aliulizwa tena kuhusu wimbo, akajibu yale yale. Rafiki yangu akazima kamera na kushusha pumzi. Ikabaki kazi yangu ya mwisho.

Ngoja niieleze, maana wengi hawaijui. Hakuna chumba kilicho kimya kabisa. Kila kimoja kina ukimya wake: friji inavuma, saa inagonga, watu wanapumua. Ukikata maneno kwenye filamu bila kuziba pengo kwa ukimya wa chumba kile kile, sikio la mtazamaji hushtuka, hata kama mwenyewe hajui limeshtushwa na nini. Kwa hiyo kila baada ya mazungumzo tunanasa dakika nzima ya kutosema kitu. Mtu akikohoa, tunaanza upya.

Nilimweleza bibi hivyo hivyo.

"Hata ukimya mnachukua?" akasema. "Mtaniachia nini humu ndani?"

"Friji, Bibi."

Alicheka mpaka unga ukamwagika. Akaahidi kunyamaza, ila mikono yake hakuweza kuituliza. "Hivi havina kelele," alisema, akaendelea kufinya manti. Nikabonyeza kitufe.

Haukupita muda, akaanza kuimba. Sauti ilikuwa nyembamba, ya chini, inayofuata vidole vyake. Rafiki yangu alinitazama, macho yamemtoka, akanyoosha mkono kwenye kamera. Nikatikisa kichwa: kamera ile ililia kila ilipowashwa. Kidole changu mwenyewe, kwa mazoea, kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kusimamisha. Nikakiondoa polepole. Bibi aliimba akapita ile nusu ya mjukuu wake, akaendelea, mpaka sinia likajaa.

Akainua macho. "Nimewaharibia?"

"Umeharibu, Bibi," nikasema. "Tena umeharibu vizuri kabisa."

Mjukuu alikuwa ameshamkumbatia, unga hadi kwenye nywele.

Nikamvalisha bibi hedifoni. Alisikiliza akiwa amefumba macho. "Huyu ni mama," alisema. Kisha, baada ya kusikiliza kidogo zaidi: "Mama aliimba vizuri kumshinda huyu. Lakini naye anajitahidi."

Kwenye filamu, wimbo ule unasikika huku mikono yake ikionekana ikifinya unga, picha tulizopiga wiki iliyofuata. Ukimya wa jiko lile hatukuupata kamwe. Kila niliposema niko tayari, bibi alitabasamu, akasafisha koo, akaimba.