Bibi na Majina ya Birkat al Mauz

Mwanangu yuko Uingereza anasoma, na majuzi wenzake walimchukua kutembea mashamba. Akaniletea kwenye simu picha ya kibao cha njia. Kijiji chenyewe, jina lake ukilitia katika Kiswahili, ni Mkoromo Mkubwa. Kama hilo halitoshi, kina jirani yake kinachoitwa Mkoromo Mdogo, na wenyeji wanasema huo Mdogo ndio mkubwa zaidi. Nilicheka peke yangu jikoni hapa Nizwa mpaka vitunguu vikaungua. Halafu kicheko kikanikatika, kwa sababu nilijua bibi yangu angeuliza nini. Angeuliza, "Nani huyo aliyekoroma?" Kwa bibi hapakuwa na jina lisilo na mtu wake.

Bibi alikuja Oman kutoka Unguja, mtu mzima na watoto wake, akamfuata babu mpaka Birkat al Mauz, kwenye mitende na migomba ya ukoo wao chini ya Jabal Akhdar. Alikuta kila ukuta na kila mfereji una jina lake la Kiarabu, na hakuna lililomkaa kichwani. "Majina ya watu hayo," alikuwa akisema. "Walipoyatoa mimi sikuwapo." Basi akaanza kutoa yake. Mimi nililelewa kwake, maana baba na mama walikuwa na kazi zao Maskati, na kwa hiyo nimekijua kijiji kwa majina ya bibi kabla sijakijua kwa majina ya serikali.

Penye kona ya falaj, mfereji wetu wa kumwagilia, paliitwa Kandambili Moja. Babu alikuwa anaosha miguu pale, maji yakamchukulia kiatu kimoja, naye akarudi nyumbani mguu mmoja wazi, anawatolea watu salamu kwa heshima zote kama kwamba ndivyo alivyotoka. Mbele kidogo palikuwa na Mlilia Sambusa, ambapo ami yangu, kijana mwenye ndevu tayari, alilia katikati ya Ramadhani kwa sababu mbuzi alikula sinia nzima aliyotumwa kuipeleka kwa jirani. Nyuma ya ghala la tende palikuwa Sitaki Nataka. Hapo shangazi alijificha siku wachumba walipokuja, akachungulia, akazidisha kuchungulia, akaanguka mbele ya wageni. Aliolewa, alhamdulillahi.

Jina lilikuwa na sharti lake. Lazima mtu awe amechekwa pale, na lazima yule yule aliyechekwa awe wa kwanza kulitamka mbele ya watu, bila kununa. Akikataa, hakuna jina, na watu wanatafuta habari nyingine. Babu alinuna muda mrefu kabla hajakubali Kandambili Moja. Lakini likishatamkwa limekwisha, linakuwa mali ya kila mtu. Jirani yetu, mama wa Kiarabu asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji, alikuwa akimtuma mwanawe Mlilia Sambusa kana kwamba ndivyo palivyoitwa tangu enzi za mababu zake.

Kila mtu wa nyumba ile alikuwa na mahali pake isipokuwa mimi. Sijui nikueleze vipi ilivyoniuma. Nilipokuwa nasugua masufuria kwenye falaj, nasikia majani ya migomba yakikwaruzana na maji yakipita, nilikuwa nawaza jina langu litakuwa lipi na wapi.

"Bibi, na mimi je?"

"Weye bado. Jina haliombwi, mwanangu. Ngoja, utachekwa tu."

Nikajaribu kulitengeneza mwenyewe. Siku moja nilijiangusha kwenye tope, chini ya migomba, na sahani zote mkononi. Bibi akanitazama, akaniambia niinuke nikazioshe tena.

Safari nyingine mwalimu wa skuli, mgeni kutoka Misri, alituambia tuchore ramani ya kijiji. Niliichora vizuri sana, nikajaza majina yote ya bibi kwa herufi za Kiarabu. Mwalimu akaigeuza huku na huku, akaomba wenzangu wamsaidie. Darasa zima likanicheka. Nilikimbia nyumbani furaha imenijaa, nikamkuta bibi kwenye chapati.

"Bibi, nimechekwa!"

"Wapi?"

"Skuli."

"Skuli ni ya serikali," akasema, huku anageuza chapati. "Si yetu kuipa jina."

Nililia. Akanipa chapati ya kwanza kutoka kikaangoni, ya moto, kaipaka samli na sukari, na mpaka leo nikisikia harufu ya samli nahisi mkono wake kichwani.

Nilipomaliza darasa la sita baba alikuja na gari kunichukua, nikasome Maskati. Babu alinisindikiza mpaka mlangoni, na shangazi pia. Bibi alikuwa jikoni. Nilikwenda kumbusu mkono akanipa bila kugeuka, macho yake kwenye sufuria. "Nenda, baba yako asichelewe. Mchuzi utashika." Hakutoka nje. Mpaka tunapita Izki nilikuwa nawaza hilo hilo. Nilikuwa nahama pale mahali pasipo na alama yangu hata moja, na bibi mwenyewe ameona mchuzi una haraka kuliko mimi. Nilirudi likizo nyingi baada ya hapo, tukala, tukacheka, lakini lile sikumuuliza. Alifariki mimi niko chuoni.

Ijumaa iliyofuata ile picha ya mwanangu nilikwenda kumwona shangazi, ambaye siku hizi anatembea na bakora. Nikamwamkia shikamoo, akanivuta mkono tutembee kidogo. Shamba limekauka nusu. Kwenye magofu ya nyumba za zamani pana mkahawa, na watalii wanapiga picha. Tulipita Kandambili Moja. Kisha shangazi akasema, "Bas, twende mpaka Mliza Bibi, halafu turudi, miguu inaniuma."

Nikasimama. Majina yote nilikuwa nayajua.

"Mpaka wapi, shangazi?"

Akanionyesha kwa bakora ule upeo wa njia nyuma ya migomba, ambapo mtu akisimama analiona gari mpaka linapotelea huko chini. "Pale. Siku ile ulipochukuliwa. Bibi yako alitoka kwa mlango wa jikoni, akapita shamba mbio, kanga inamvuka. Tulipomfikia kakaa chini, analia kama mtoto mchanga. Tukamcheka, mwanangu. Babu yako alicheka mpaka na yeye akakaa chini. Na bibi akalitamka mwenyewe hapo hapo."

"Mbona hakuniambia?"

"Angekwambiaje na weye ndiye uliyemliza? Ukija likizo tulikuwa tumekatazwa kulitaja."

Miaka yote ile, rafiki yangu, nilikuwa na mahali, na watu wa nyumba wanapataja nikiwa sipo. Sasa pametiwa lami, na magari ya wageni yanaegeshwa juu yake. Babu hayupo, ami hayupo, jirani alihamia mji wa Sur kwa mwanawe. Watoto wangu Kiswahili chao ni cha majina ya vyakula. Tumebaki mimi na shangazi, na shangazi anachoka mapema.

Nilifika pale nikakaa chini, kwenye ukingo wa lami, mwanamke mzima na baibui langu, nikalia. Dereva mmoja alipunguza mwendo kutazama kama nimeugua. Shangazi akaanza kunicheka, kidogo kidogo, mpaka bakora ikatetemeka mkononi mwake.

"Haya," akasema. "Na weye litamke."

Nikalitamka, kwa sauti, bila kununa, na hapakuwa na mtu mwingine wa kulielewa isipokuwa yeye.